Ilikuja lini mara ya mwisho?

Haya ni maneno niliyowaambia wanachama wa vikoba vyetu, vikundi vya kuweka na kukopeshana, hapa Morogoro, Jumamosi iliyopita, siku ya mkutano wa mwaka, kuhusu hedhi inayopotea na saratani ya mji wa mimba. Waliokosa kuja wameomba wayapate yote. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, na pale mlipocheka mtapajua wenyewe.

Mwenyekiti, mweka hazina, akina mama, mabinti, na nyie akina baba watatu mliokaa karibu na mlango kama watu wanaojiandaa kukimbia: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Akina baba msikimbie. Mnao wake, mnao mabinti, na nauli ya kwenda hospitali mara nyingi inatoka mfukoni mwenu. Kaeni.

Nianze na swali. Nani hapa anajua anadaiwa shilingi ngapi kikundini kwake? Nyoosheni mikono. Naam, mikono yote iko juu. Shusheni. Sasa swali la pili, na hili halitaki mkono, jijibu moyoni. Hedhi yako ilikuja lini mara ya mwisho? Usiniambie "mwezi uliopita, pale katikati". Nataka tarehe.

Kimya. Mnaona? Deni la elfu arobaini tunalijua mpaka jina la aliyekudhamini, lakini jambo linalotokea ndani ya mwili wako mwenyewe unaliwekea "pale katikati".

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa kliniki ya wanawake miaka 26. Swali hilo ndilo ninalouliza kwanza kila asubuhi, na ndilo linalojibiwa hovyo kuliko maswali yote. Leo nitalirudia mpaka mnichoke.

Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka 17. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto haogi." Ndivyo alivyoanza. Akamvuta kola ya shati la shule nikaona shingo: nyuma yote nyeusi, ngozi imekuwa nene na laini kama mahameli, na katikati pana kidonda kibichi. "Nimemsugua kwa dodoki, nimemsugua kwa limau na chumvi, haitoki." Kile kidonda ndicho kilichotokana na dodoki. Binti ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

Nikamuuliza binti: mwanangu, ilikuja lini mara ya mwisho? Akamwangalia mama yake. Akasema, "Juni." Tulikuwa Novemba. Mama akaruka kwenye kiti: "Juni? Na pedi ninazonunua kila mwezi?" Kumbe mtoto alikuwa anawauzia wenzake bwenini. Mfanyabiashara, huyo angetufaa sana kwenye vikoba.

Mama akafikiria mlichofikiria nyie sasa hivi. Tukapima mimba, na ndivyo inavyotakiwa, ukikosa siku zako jambo la kwanza ni kupima mimba. Hakuna mimba. Lakini kwenye kidevu alikuwa na vinyweleo anavyovinyofoa, chunusi zimejaa mgongoni, na ile shingo. Shingo ile haikuwa uchafu. Ni alama kwamba mwili hauisikii vizuri insulini, ile homoni inayodhibiti sukari, insulini ikazidi kwenye damu, na insulini ikizidi ngozi ya shingoni na kwapani hunenepa ikawa nyeusi. Nawaomba sana, mkiona shingo ya namna hiyo wekeni dodoki chini.

Daktari alimchunguza akamwambia ana PCOS, kwa Kiingereza polycystic ovary syndrome. Wengine mmelisikia jina hilo. Mtaani mnaita mvurugiko wa homoni. Bibi zetu walikuwa wanaita chango, na chango lilikuwa kapu kubwa, kila kitu kilitupwa humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria hali hii inawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika 100 ya walio nayo duniani hawajui kama wanayo. Humu ndani tuko kama mia moja na hamsini. Pigeni hesabu wenyewe, hesabu mnaziweza.

Jina lenyewe lina hadithi, na nalitaja kwa sababu linawatia watu hasara. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa hawaoni hedhi vizuri, na ovari zao zilikuwa kubwa, zimejaa vitu kama malengelenge. Likazaliwa jina la ovari zenye vivimbe vingi, ndilo hilo la PCOS. Lakini vile si vivimbe. Ni vifuko vidogo vya mayai, milimita chache tu, vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Nyie ni wakulima. Mmeshaona shamba la mahindi lililokosa mvua wakati wa kubeba? Mabua yapo, vibunzi vipo, punje hakuna. Ovari za PCOS ndivyo zilivyo.

Sasa mtu anakutumia ujumbe kwenye simu, anakuuzia dawa ya kuyeyusha vivimbe. Anayeyusha nini? Anakuyeyushia mtaji wako!

Na utrasaundi peke yake haitoshi kukuambia una PCOS. Kwa mtu mzima daktari anatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume zilizozidi, na zile ovari zenye vifuko vingi. Na kwanza aondoe magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama ya tezi la shingo. Mabinti wa sekondari hawapewi jina hili kwa picha ya utrasaundi, maana ovari za msichana mdogo zina vifuko vingi kwa kawaida yake. Halafu msidhani ni ugonjwa wa wanene tu. Wembamba pia wanayo.

Haya, saratani. Ndilo mlilonialika kusema, na nimeona baadhi yenu mmekaa mkao wa msibani tangu nilipolitaja neno. Kaeni vizuri, twende polepole.

Mji wa mimba una ukuta wa ndani, na ukuta huo ni mwanachama wa kikoba. Msicheke, nisikilizeni. Mwanzo wa mwezi, homoni ya estrojeni inatoa mkopo. Ukuta unakopa, unajijenga, unanenepa, unajiandaa kupokea mtoto. Yai likishapevuka na kutoka, lile ganda lililobaki kwenye ovari linageuka kiwanda cha homoni ya pili, projesteroni. Huyu projesteroni ndiye mweka hazina. Anasema: mkopo basi, hapa hapajengwi tena, tulieni. Mtoto asipokuja, mweka hazina anaondoka, ukuta unamomonyoka, unatoka. Hiyo ndiyo hedhi. Hedhi ni marejesho.

Mwenye PCOS, yai halitoki. Yai lisipotoka, ganda halibaki. Ganda lisipobaki, projesteroni haipo. Mweka hazina hajaja kikao. Lakini anayetoa mkopo je? Yupo! Estrojeni inaendelea kutoka kwenye ovari, na kwa mwenye uzito mkubwa inatoka na kwenye mafuta ya mwili, maana mafuta yanageuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Na ile insulini iliyojaa inazichochea ovari zitoe homoni za kiume zaidi, na yenyewe pia inachochea chembe za mwili zikue. Kwa hiyo mkopo juu ya mkopo, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, wa nane. Marejesho hakuna.

Mweka hazina, nikuulize wewe. Kikundi kikikopesha miezi minane bila marejesho, kinakuwaje? ... Amesema "kinakufa". Mimi nitasema kinaharibika kwanza. Ukuta ule unanenepa kupita kiasi. Chembe zinazogawanyika kila siku bila kupumzika zinaanza kukosea. Wengi wanaishia kwenye unene tu. Wachache chembe zao zinabadilika sura. Wachache zaidi, baada ya miaka, inakuwa saratani ya ukuta wa mji wa mimba.

Njia ndiyo hiyo. Haina jini, haina kurogwa na wifi.

Kwa hiyo mwanamke anayeniambia, "Sista, mimi nina bahati, siku zangu zinakuja mara mbili kwa mwaka, sinunui pedi," mimi siioni bahati. Namuuliza tu: ilikuja lini mara ya mwisho?

Hatari hii ni kubwa kiasi gani? Sina picha za kuwaonyesha ukutani, nimekuja na maharage. Binti, niletee vile vibakuli. Haya ni maharage 100, niliyahesabu jana usiku na mjukuu wangu. Tuseme hawa ni wanawake 100 wa nchi za Magharibi wasio na PCOS, maana huko ndiko hesabu hizi zilikofanyiwa. Ona mekundu: moja, mawili, matatu. Watatu hivi katika 100 watapata saratani hii katika maisha yao yote. Kibakuli cha pili, wanawake 100 wenye PCOS. Mekundu ni tisa. Mara tatu. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti zilizokuwapo wakaona hatari imeongezeka karibu mara tatu kwa wote, na kwa walio chini ya miaka 54 kama mara nne.

Tisa. Mmeyaona mekundu, na najua macho yenu hayatoki hapo. Sasa niambieni meupe ni mangapi? Tisini na moja. Semeni tena. Tisini na moja! Mwanamke mwenye PCOS akilala usiku huu akiogopa, anaogopa akiwa ndani ya kundi la 91. Na kwetu huku saratani hii ni chache kuliko huko. Inayotumaliza sisi ni ya mlango wa kizazi, nitaifikia.

Na yale mekundu hayakutawanyika ovyo. Yanajikusanya kwa aliyekaa miaka mingi bila hedhi na bila tiba, kwa mwenye uzito mkubwa sana, kwa mwenye kisukari, kwa ambaye ukuta umebaki mnene muda mrefu. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema waziwazi kwamba hakuna haja ya kumpima saratani hii kila mwenye PCOS asiye na dalili. Kwa hiyo msije Jumatatu mmejipanga foleni mnataka wote kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta cha kupimwa.

Titi? Tafiti hazijaona kwamba PCOS inaongeza saratani ya titi. Ovari zenyewe? Tafiti zikijumlishwa haionekani hatari iliyothibitika kwa wote. Tuendelee.

Sasa niwaambie la shangazi yangu. Hili silisemi mara nyingi.

Shangazi hakujaliwa mtoto. Kijijini walimwita majina mnayoyajua. Hedhi yake ilikuwa inakuja inavyotaka yenyewe, mwaka huu mara tatu, mwaka ule mara moja. Alikuwa na ndevu chache, akizikata kwa wembe asubuhi kabla hatujaamka, na sisi watoto tulijua na tulinyamaza. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mcheshi, mpishi. Jina PCOS hakuwahi kulisikia. Hedhi ikakoma alipofika hamsini na kitu, wala hakujua hasa lini, maana haikuwa na mazoea ya kuja.

Akiwa na miaka 58 akanipigia simu anacheka. "Mwanangu, nimerudi usichana! Siku zangu zimerudi." Na mimi nikacheka. Mimi, muuguzi mkunga, nikacheka nikamwambia basi tukutafutie mchumba. Nilikuwa zamu, wodi imejaa, simu kati ya bega na sikio. Nikakata, nikasahau.

Miezi minane ikapita. Tukakutana kwenye kumuaga binti wa ukoo, kitchen party. Nikamwona shangazi anafika kwenye kiti chake. Kabla hajakaa akatoa kanga kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akailaza juu ya kiti, ndipo akakaa. Hakuna aliyeangalia. Mimi niliangalia. Miaka yote nimeona wanawake wanafanya hivyo kliniki, wanaogopa kuchafua kiti. Pilau likanishinda hapo hapo.

Wiki iliyofuata tukachukua kinyama. Ilikuwa saratani, na ilishatoka nje ya mji wa mimba. Akafanyiwa upasuaji, akaenda mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Akaishi miaka miwili.

Saratani hii ina adabu moja, inapiga hodi. Karibu wanawake 9 katika kila 10 wanaoipata baada ya kukoma hedhi wanatokwa damu. Ilipiga hodi kwa shangazi, naye akanipigia mimi, na mimi nikacheka. Huko Marekani, inayogunduliwa ikiwa bado ndani ya mji wa mimba, zaidi ya wanawake 90 katika 100 wako hai baada ya miaka mitano. Miezi minane ile ilikuwa yake.

Kwa hiyo mama uliyekwisha kukoma: mwaka mzima umepita bila hedhi, halafu ukaona damu, hata tone moja, hata rangi ya maji ya nyama, hiyo usiiite hedhi. Hujarudi usichana. Wengi wanaotokwa damu hivyo hawana saratani, inaweza kuwa ukavu tu au kijiuvimbe kisicho na ubaya. Lakini wa kusema hivyo ni daktari aliyekupima. Si jirani, si muuza dawa, na wala si muuguzi mwenye simu begani.

Nawaona wawili watatu wananong'ona, na najua mnanong'ona nini, kwa sababu kila ninapozungumza swali hili lazima lije. "Mimi natumia sindano ya uzazi wa mpango, sijaona siku mwaka mzima. Nimekwisha?" Hapana, mama. Hebu rudini kwenye kikoba. Sindano ina nini ndani? Ina homoni ya jamii ya projesteroni. Kijiti cha mkononi? Hivyo hivyo. Mweka hazina yupo kikaoni kila siku, anazuia mkopo usitolewe. Ukuta umebaki mwembamba. Hakuna marejesho kwa sababu hakuna deni. Ni tofauti kabisa na yule ambaye hedhi imekatika yenyewe, bila dawa, bila mimba, bila kunyonyesha. Huyo wa pili ndiye ninayemtafuta. Msichanganye hao wawili, na msikimbilie kung'oa vijiti kwa sababu ya hotuba yangu.

Na vidonge vya majira? Vinasemwa sana kwamba vinaleta saratani. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha tafiti 36, wanawake zaidi ya 27,000 waliokuwa na saratani ya mji wa mimba, wakaona kila miaka mitano ya kutumia vidonge vya majira hupunguza hatari ya saratani hii kama kwa robo, na kinga hiyo inaendelea miaka mingi baada ya kuacha. Kwa titi kuna ongezeko dogo wakati unavitumia, siwafichi. Na havimfai kila mtu: mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, anatafutiwa njia nyingine. Ndiyo maana nasema kliniki, sisemi duka la pale kona.

Mwingine ananiambia, "Sista, mimi salama, nilishapimwa saratani ya kizazi, walinipaka siki, wakasema safi." Hongera sana, na urudi tena ukiitwa. Lakini kile kipimo kinaangalia mlango. Aliyekagua mlango wa nyumba hajui chumbani kuna nini. Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi, na kirusi hicho kina chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja mabinti wa miaka 14 mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Ya ukuta wa ndani haina kirusi, haina chanjo, na siki haiioni. Inatafutwa kwa utrasaundi na kwa kuchukua kinyama, kwa mwenye sababu ya kutafutwa.

Kinyama chenyewe mnakiogopa kuliko kinavyostahili. Ni mrija mwembamba, unapita mlangoni, unavuta kipande kidogo cha ukuta. Inauma kama tumbo la hedhi kali, dakika chache, unavaa unaondoka. Nilimsindikiza fundi cherehani mmoja, miaka 34, alikaa miezi mitano bila siku zake, kisha damu ikaja ikakaa wiki tatu. Kwanza alipewa dawa ya kukata damu, sehemu sitaji wapi, na hakuna aliyemuuliza ilikuja lini. Ilipokatika akarudi kwenye cherehani. Ikaanza tena. Mara ya pili ndipo akaja kwetu akiwa mweupe midomo.

Kinyama kilionyesha ukuta umenenepa, lakini chembe bado zina sura yake. Daktari akamwambia jambo ambalo mimi nilimfafanulia tena kwenye benchi nje: unene wa aina hii usio na chembe zilizobadilika, chini ya watu 5 katika 100 unageuka saratani kwa miaka 20, na kwa wengi unapungua wenyewe, hasa ukitibiwa. Ule wenye chembe zilizobadilika ndio wa kutisha, zaidi ya robo unageuka saratani. Akawekewa kitanzi chenye homoni. Nasema chenye homoni. Kile cha shaba ni kizuri kwa kupanga uzazi, lakini si dawa ya hili. Hiki cha homoni hakipatikani kila kituo, ni kweli, na asiyekipata kuna vidonge vya projesteroni. Baada ya miezi sita akachukuliwa kinyama tena. Safi. Gauni nililovaa leo ameshona yeye. Simameni mlione basi... ahsanteni, kaeni.

Sasa la kufanya, na ni dogo kuliko mnavyodhani.

Hesabu. Siku zikipita 35 tangu mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine, mara kwa mara, au kwa mwaka zikaja pungufu ya mara nane, nenda kliniki. Binti aliyevunja ungo juzi msimharakishe, mwaka wa kwanza siku huwa zinarukaruka. Lakini ikifika miaka mitatu tangu avunje ungo na bado ni Juni mpaka Novemba, mleteni. Ikipita siku 90 bila hedhi, na huna mimba, hunyonyeshi, hutumii sindano wala kijiti, usisubiri ya 91. Madaktari wa Uingereza wanashauri mwenye PCOS apate damu angalau kila miezi mitatu au minne, na kama mwili hauileti, dawa iilete. Dawa ya projesteroni ya siku 10 hadi 14, ukiacha kumeza, marejesho yanakuja. Ni hivyo tu. Mtu mzima anaweza kufanya hivyo miaka na miaka, na ukuta wake ukabaki kama wa mwingine yeyote.

Mwili nao. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kilo 5 katika kila 100, wengine hedhi inaanza kurudi yenyewe. Sikuambii uwe kama msichana wa tangazo la sabuni. Kilo tano. Punguza soda, punguza chai yenye sukari vijiko vinne, tembea mpaka sokoni badala ya bodaboda. Na pima sukari, maana PCOS na kisukari ni majirani wanaoombana chumvi. Daktari anaweza kukupa metfomini kwa ajili hiyo.

Anayetafuta mtoto asikate tamaa. Mengi ya mayai haya yanaamshwa kwa dawa, na nimepokea mikononi mwangu watoto wa wanawake walioambiwa hawatazaa. Ujauzito wenyewe ni miezi tisa ya projesteroni, ukuta unapumzika. Shangazi angeweza kupata dawa hizo. Hakuna aliyemuuliza swali.

Akina baba, nyie mtaniambia hili halituhusu. Mke akikuambia ametokwa damu wiki mbili, usimwambie avumilie mpaka mwisho wa mwezi mshahara utoke.

Nimemaliza muda wangu, mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Mezani pale nimeweka kalenda ndogo 60, zile za duka la vifaa vya shule, na kalamu nyekundu. Kila mmoja achukue moja. Zikiisha, tumieni ukurasa wa nyuma wa daftari la hisa, mweka hazina amekubali. Siku ya kwanza ya damu, weka alama. Basi.

Mimi nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi. Anayetaka kuongea nami aje, faragha ipo, nimeomba kanga mbili tutazifunga kwenye matawi. Ila aje na tarehe. Asiyeikumbuka aanze kumpigia dada yake simu sasa hivi, maana dada zetu ndio wanaotukumbukia: ilikuwa kabla ya harusi ya nani, au baada?

Ahsanteni sana.